Leaf limegoma? Pima betri ndogo kwanza

Kijana mmoja mwenye teksi ya Nissan Leaf, gari la umeme, alinipigia kutoka Kimara saa kumi na mbili asubuhi.

"Shikamoo fundi. Leaf langu limekufa."

"Marahaba. Limekufaje?"

"Jana nimelilaza na asilimia sabini. Leo nabonyeza swichi, dashibodi inawaka taa zote kama ukumbi wa harusi, halafu kimya. Kuna bwana hapa ameliangalia, anasema betri imekwisha, nitafute milioni kumi."

Nilikwenda na multimita na spana namba 10. Betri ndogo iliyo chini ya boneti ilisoma volti 9.8. Tukaifungua, tukaenda nayo dukani, tukarudi na nyingine. Saa nne kijana alikuwa barabarani anabeba abiria, na asilimia zake sabini zilikuwa palepale alipoziacha.

Nissan Leaf lina betri mbili. Ile kubwa imelala chini ya sakafu na ndiyo inayosukuma gari. Ile ndogo ya volti 12 ni kama ya gari lolote la petroli, na kazi yake ni kuamsha kompyuta, taa, milango na swichi kubwa zinazoruhusu umeme wa betri kubwa utoke. Ndogo ikilala, kubwa haiwezi kutoa kitu hata ikiwa imejaa. Ndiyo maana hesabu za mamilioni zinatajwa mapema mno mbele ya tatizo la betri ya dukani.

Yaliyomo humu yanahusu hasa magari ya Leaf ya mtumba kutoka Japani, ya betri ya kWh (kilowati-saa, kipimo cha umeme inaobeba) 24, 30 na 40. Nimeyapanga kwa dalili, na katika kila dalili naanza na sababu ninayokutana nayo mara nyingi.

Kabla ya kufungua chochote, tazama nyaya. Zenye ganda la rangi ya chungwa zinabeba umeme wa betri kubwa, karibu volti 400 ikiwa imejaa. Hizo usizishike, usizifungue, usichomeke multimita yako humo. Kila kipimo ninachokutajia hapa ni cha upande wa volti 12 au cha ukutani.

Gari haliwaki, au dashibodi imejaa taa

Sababu ya kwanza ni betri ndogo. Ya pili pia ni betri ndogo, ila safari hii ni temino zake zimelegea au zimeota ukungu mweupe.

Fungua boneti (mkono wake unavutwa kwa waya, hautegemei umeme) na uweke multimita kwenye temino mbili gari likiwa limezimwa. Volti 12.5 au 12.6 ni betri iliyoshiba. Ikiwa 12.0 iko hoi, na chini ya 11 usitegemee kitu. Shika kila kichwa cha temino ukizungushe kwa mkono. Kikicheza, kaza kwanza kabla hujanunua chochote.

Kama huna multimita, zipo dalili za macho. Remoti haifungui mlango, taa ya ndani inafifia, swichi zinagonga tak-tak-tak mfululizo, au taa za onyo za breki, usukani na mfumo wa umeme zinawaka pamoja. Vitu vitano haviwezi kuharibika usiku mmoja. Kilichopungua ni umeme wa kuviamsha. Mlango ukigoma, ndani ya remoti kuna funguo ndogo ya chuma. Ichomoe uitumie.

Kubusti inaruhusiwa. Waya mwekundu uanzie chanya ya Leaf uende chanya ya gari la msaada. Mweusi uanzie hasi ya gari la msaada, na mwisho wake uubane kwenye chuma kitupu cha Leaf mbali na betri. Subiri dakika chache, kanyaga breki, bonyeza swichi. Ukiona alama ya kijani ya gari lenye mshale wa pande mbili, limewaka. Ondoa waya, kisha liache katika hali hiyo au liendeshe kwa saa moja hivi, kwa sababu betri ndogo huchajiwa na ile kubwa kupitia kifaa kinachoshusha umeme hadi volti 13 na kitu au 14. Usigeuze chanya na hasi hata kwa kugusisha tu. Nimeshaona fyuzi na kompyuta zikiondoka kwa cheche moja.

Kinyume chake hakifai. Usitumie Leaf kubusti gari la petroli la jirani, hata akiwa mwema kiasi gani. Stata ya injini inavuta umeme mwingi kwa mkupuo, na kile kifaa hakikutengenezewa kazi hiyo.

Kwa nini betri ndogo inakufa? Umri ndio wa kwanza, na joto la Dar halisaidii. Linalofuata ni tabia, hasa kwa madereva wanaosubiri abiria. Ukibonyeza swichi bila kukanyaga breki, redio na skrini vinawaka lakini gari halijawaka kwa maana ya kuendeshwa, kwa hiyo betri kubwa haichangii kitu. Saa mbili za mpira wa redioni zinatosha kuimaliza betri iliyochoka. Ukitaka kusikiliza, kanyaga breki, liwashe kabisa, liache kwenye P.

Ukinunua mpya, nenda na ya zamani mkononi. Upande wa chanya na unene wa temino lazima vifanane, vinginevyo nyaya hazitafika.

Betri ikiwa nzima, angalia mambo madogo. Betri ya duara ndani ya remoti ikiisha, gari litasema halioni funguo. Iguse remoti yenyewe kwenye swichi ya kuwashia huku umekanyaga breki. Waya wa kuchajia ukiwa bado umechomekwa, gari haliondoki, na hilo limewekwa makusudi.

Simama hapa na uite fundi wa magari ya umeme kama betri ndogo inasoma 12.5, temino zimekaza, na bado taa ya njano ya gari lenye alama ya mshangao haizimi. Vivyo hivyo kama gari limewaka lakini multimita kwenye betri ndogo inabaki 12 na kushuka badala ya kupanda. Hapo kifaa cha kushusha umeme hakichaji, na mara nyingi taa nyekundu ya betri itakuwa imekuonya. Ikiwaka ukiwa barabarani, zima kiyoyozi na redio, tafuta pa kuegesha mapema. Gari linaishi kwa akiba ya betri ndogo peke yake na litazimika.

Limechomekwa usiku kucha, asubuhi halijachaji

Hapa usianze na gari. Anza na nyumba.

Usicheke: LUKU. Nimeshapanda bodaboda hadi Goba kukuta uniti ziliisha saa nane za usiku. Betri ya kWh 24 iliyo tupu inameza zaidi ya uniti 24, maana nyingine zinapotea njiani kama joto. Ya 40 inakula zaidi ya uniti 40. Nunua kwa hesabu hiyo.

Halafu soketi. Plagi zetu za miguu mitatu bapa zimeandikwa ampea 13, lakini kuvuta 13 kwa saa kumi mfululizo si sawa na kuchemsha birika dakika tano. Gusa plagi baada ya nusu saa ya kuchaji. Vuguvugu si neno. Ikiwa ya moto kiasi cha kuuondoa mkono, au plastiki imegeuka kahawia, zima swichi na usiitumie tena soketi hiyo. Chaja za mkononi za Japani zimetengenezewa volti 200, nyingi zinavuta hadi ampea 15, na plagi yake si yetu. Watu wanakata plagi na kufunga ya hapa, kisha wanashangaa soketi inayeyuka. Soma kibandiko cha chaja: volti ngapi, ampea ngapi. Kama haikuandikwa kubeba umeme wetu wa volti 230, tafuta nyingine, na ikiwezekana yenye kurekebishwa hadi ampea 10. Kwa ampea 10 unapata kama kilowati 2.3, yaani saa kumi na zaidi kwa betri ya 24 na karibu saa 20 kwa ya 40 iliyo tupu kabisa. Mwenye betri ya 40 anayelalamika kwamba asubuhi ameikuta asilimia 60, gari lake halina tatizo. Mwambie ahesabu.

Ekstensheni za dukani zenye waya mwembamba ziache kwenye televisheni. Ile iliyobaki imeviringishwa kwenye kigurudumu chake ndiyo mbaya zaidi, joto halina pa kutokea.

Chaja ikiwasha taa nyekundu mara tu unapochomeka ukutani, kabla hujagusa gari, mara nyingi inalalamikia ethi, waya wa usalama wa kupeleka umeme ardhini. Nyumba nyingi zina waya wa ethi kwenye soketi ambao mwisho wake haufiki ardhini. Feni na friji hazijali, chaja ya gari inapima na inakataa. Jenereta ndogo ya petroli nayo inakataliwa kwa sababu hiyohiyo. Wapo wanaokuonyesha njia ya kuidanganya chaja kwa kuunganisha ethi na nyutro (waya wa kurudishia umeme) ndani ya plagi. Usifanye. Nyutro ikikatika siku moja, bodi zima la gari linaweza kubeba umeme, na mtoto akishika kitasa akiwa peku kwenye matope ndiyo basi. Mwite fundi umeme wa nyumba afunge ethi ya kweli. Ni fimbo ya shaba na kazi ya nusu siku.

Umeme mdogo pia unaikatisha chaja. Saa mbili usiku mtaa mzima ukiwa umewasha kila kitu, inaanza na kuacha. Ikienda vizuri saa sita usiku, umeshapata jibu.

Nyumba ikiwa haina kosa, geukia gari, na hapo kuna mtego ninaoupenda kwa namna yake: taima. Mwenye gari wa kwanza kule Japani aliweka lichaji usiku tu, na wewe umerithi ratiba yake bila kujua, maana skrini nzima iko kwa Kijapani. Isitoshe, saa ya gari huenda bado inasoma ya Japani, iliyo mbele ya yetu kwa saa sita. Alipopanga lianze saa saba usiku kwake, kwako linaanza saa moja jioni na kuacha mapema, na wewe unalichomeka saa tano. Karibu na usukani kuna kitufe chenye picha ya plagi, cha kuchaji papo hapo. Kibonyeze, chomeka, tazama taa tatu za buluu juu ya dashibodi. Moja ikipepesa mfululizo na nyingine zikitulia, umeme unaingia.

Zikikataa, azima chaja ya mwenzako mwenye kichwa kilekile cha pini tano, au peleka gari na chaja yako kwake. Kwa majaribio mawili utajua mgonjwa ni nani. Chaja yake inafanya kazi kwenye gari lako? Yako ndiyo mbovu. Zote mbili zinagonga tak moja kisha zinakata? Tatizo liko kwenye chaja ya ndani ya gari au kichwa cha kupokelea. Mulika kichwa hicho kwa tochi uone kama kuna pini iliyoungua au wadudu waliojenga (nyigu wanapenda tundu lile). Usichokonoe kwa chuma. Chaja ya ndani hufunguliwa na fundi wa umeme mkubwa peke yake.

Linajaa, lakini halifiki mbali

Kwanza usiiamini namba ya kilomita iliyo kwenye dashibodi. Inakisia kwa namna ulivyoendesha hivi karibuni, na ukitoka foleni ya Ubungo kuingia barabara ya Bagamoyo kwa spidi 100 itaporomoka mbele ya macho yako. Upepo wa matairi uangalie kwenye kibandiko cha fremu ya mlango wa dereva. Baada ya mwendo, gusa rimu zote nne. Moja ikiwa ya moto kuliko wenzake, breki inashika.

Halafu tazama vijiti vidogo 12 pembeni kabisa ya kipimo cha chaji. Hivyo ndivyo umri wa betri kubwa. Kijiti cha kwanza hakidondoki mpaka betri ipoteze kama asilimia 15 ya uwezo wake, vinavyofuata ni kama asilimia 6 na kidogo kila kimoja. Kwa hiyo gari lenye vijiti 11 si kwamba limepoteza moja ya kumi na mbili, limepoteza zaidi. Leaf halina kipozeo cha maji kwenye betri kubwa. Joto lake linatoka lenyewe polepole, na pwani yetu polepole hiyo ni polepole kweli.

Vijiti navyo hudanganya. Kompyuta ya betri inaweza kufutwa kumbukumbu, gari likauzwa na vijiti 12 vinavyong'aa, na baada ya wiki kadhaa za kuendesha vikaanza kudondoka kama meno ya maziwa. Kabla ya kulipa, nunua kifaa kidogo cha OBD cha bluetooth (kinachosoma kompyuta ya gari), weka programu ya LeafSpy kwenye simu, usome asilimia ya afya ya betri na hali ya seli, kisha liendeshe kilomita 40 au 50 uone kama asilimia zinashuka kwa mpangilio. Muuzaji akikataa safari hiyo, amekujibu.

Kwa upande mwingine, yapo magari yanayosingiziwa. Yale ya kWh 30 ya 2016 na 2017 yalikuwa na kasoro ya programu iliyohesabu uwezo pungufu kuliko uliopo, na mwaka 2018 Nissan wakatoa marekebisho. Kama lako ni la kundi hilo na vijiti vimekwisha haraka mno, ulizia kwanza kama programu ilisasishwa.

Kobe amewaka, gari halina nguvu

Alama ya kobe ya njano inamaanisha kompyuta imepunguza nguvu kwa makusudi. Ikiwaka ukiwa na asilimia chache kabisa, ni kawaida. Egesha, tafuta umeme. Ikiwaka baada ya safari ndefu ya spidi na joto la betri liko juu, lipumzishe kivulini.

Ikiwaka ukiwa na asilimia 35 unapanda mlima wa Goba, hiyo ni habari nyingine, na kwa Leaf lililozeeka karibu kila mara ni seli dhaifu. Betri kubwa ni jozi 96 za seli zilizofuatana kama watu wanaopokezana ndoo ya maji. Mmoja akichoka, ndoo haifiki, hata wale 95 wawe na nguvu. Dalili yake ni asilimia kuruka: 41, kisha 33, ukilegeza mguu zinapanda tena.

Fungua LeafSpy kwenye ukurasa wa seli, mtu mwingine aendeshe. Gari likitulia, tofauti ya milivolti 20 au 30 kati ya seli ya juu na ya chini isikukoseshe usingizi. Kanyaga mlimani. Zote zitashuka, lakini ukiona mistari miwili mitatu inatumbukia mamia ya milivolti chini ya wenzake, na ni ileile kila ukirudia, umeshaipata. Piga picha ya skrini. Itakuokolea fedha, kwa sababu badala ya kununua betri nzima unaweza kubadilishiwa moduli (mafungu ya seli) zile tu, za afya inayolingana na zilizobaki.

Kazi hiyo si ya nyuma ya nyumba. Betri ina kilo karibu 300, inashushwa kwa lifti, na ikifunguliwa haina swichi ya kuizima iwe sifuri.

Jambo moja lisilo hitilafu: likiwa limejaa asilimia 100, breki ya kurudisha umeme haivuti mteremkoni. Hakuna pa kuuweka umeme huo. Tumia breki ya mguu.

Chaji ya haraka inaanza vizuri kisha inakuwa ya kinyonga

Tazama kipimo cha joto la betri. Kikikaribia nyekundu, gari lenyewe limeomba kupunguziwa, na baada ya asilimia 80 spidi hushuka hata kwenye baridi. Magari ya kWh 40 yana sifa hiyo, hasa ukichaji haraka mara mbili tatu ndani ya safari moja. Kichwa cha Leaf cha chaji ya haraka ni cha aina ya CHAdeMO, kwa hiyo kituo chenye kichwa cha aina nyingine hakitakufaa hata ukibembeleza.

Maji, harufu, moshi

Hapa hakuna cha kujaribu. Gari likizama hadi sakafuni, kama yale ya Jangwani kila masika, usilibonyeze, usilichomeke. Livutwe kwa kuinuliwa, magurudumu ya mbele yasiguse barabara, na likaegeshwe mbali na nyumba na magari mengine, kwani betri iliyoingia maji inaweza kuwaka moto siku kadhaa baadaye. Ukisikia sauti ya kufuka kutoka chini ya viti, harufu tamu ya kemikali, au ukiona moshi mweupe, toa watu, sogea mbali upande upepo unakotoka, piga zimamoto 114 na uwaambie ni gari la umeme. Kizimamoto kidogo cha chini ya kiti hakitoshi. Baada ya ajali iliyogonga sakafu, fanya hivyohivyo hata kama linatembea vizuri.

Fundi wa kumpa betri kubwa

Muulize mambo matatu kabla hajashika spana. Glavu zake ni za volti 1,000, na amezikagua leo kama zina tundu? Plagi ya usalama iko wapi? Atakuonyesha chini ya zulia, miguuni pa abiria wa nyuma. Akishaichomoa anasubiri muda gani? Jibu ni dakika 10 na zaidi, halafu anapima kabla ya kugusa. Akikuambia yeye ameshazoea, chukua funguo zako uende.